Yai la Kuangua na Yai la Kula

Usiku wa siku ya kumi na sita shemeji yangu alifungua mashine.

Nilimkataza. Karatasi iliyokuja na mashine ilimkataza pia, kwa lugha nne. Lakini kwenye yai moja palikuwa na kitundu mfano wa ncha ya kalamu, na ndani ya kitundu mdomo ukigonga, tk, tk, kisha kimya. Akasema kifaranga kachoka, asaidiwe. Akainua mfuniko, akalitwaa yai kwa vidole vyake vya fundi bomba, akaanza kubandua ganda taratibu kama mtu anayemenya njugu za moto. Mvuke ulipanda ukapotelea jikoni. Alipomaliza kumtoa yule mmoja akafunika, akaenda kulala ameridhika.

Asubuhi mayai mengine saba yalikuwa na vitundu kama kile, na hakuna lililogonga. Tuliyapasua. Vifaranga walikuwa wamekamilika, kucha, vinyoya na mistari yao mgongoni, wamebanwa ndani ya utando uliowagandamia kama nailoni. Utando wa yai ukikutwa na hewa kavu wakati kifaranga ameshaanza kutoboa, hukauka. Hapo hawezi kujizungusha, na asipojizungusha hawezi kukata ganda. Ndiyo maana siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi, maji yanaongezwa kwenye mashine ili hewa iwe na unyevu, na mfuniko hauguswi, hata ukisikia vilio. Saba walikufia mlangoni kwa sababu tulitaka kuwaona.

Hapo ni Jette, kaskazini-magharibi mwa Brussels, kwenye safu ya nyumba za matofali zilizobanana bega kwa bega, kila moja na bustani yake nyuma, ndefu na nyembamba kama shuka iliyoanikwa. Tunakaa ghorofa ya chini, mimi na mke wangu na watoto. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuja kutoka Bukavu akapewa chumba kinachotazama bustani. Kitu ukikitazama kila siku, mwisho unakitafutia kazi. Kazi ya bustani yetu aliipata kwenye simu.

"Shemeji," akaniambia, ameniwekea skrini puani, "wiki sita! Ndege wa wiki sita anataga!"

Hakuongopa. Kware anayefugwa, yule wa Kijapani, ana haraka kuliko ndege yeyote wa bandani. Yai lake huanguliwa kwa siku 17 au 18, wakati la kuku linadai 21. Kifaranga hutoka na ukubwa wa kidole gumba, huvaa manyoya yake katika wiki tatu, hutaga kati ya wiki ya sita na ya nane, na akipata mwanga na chakula hukupa mayai 250 au zaidi kwa mwaka. Chakula chenyewe ni gramu 25 hivi kwa siku. (Kamusi zitakuambia jina lake halisi ni tombo, na kwamba kware ni ndege mwingine wa porini, mkubwa kidogo. Sokoni hiyo kesi ilikwisha zamani na kware alishinda.) Mwaka 1990 Wasovieti walimwangulia hata angani, ndani ya kituo cha Mir. Vifaranga walitoka wazima, ila hawakuweza kujishikiza mahali wale, wakafa. Kuangua, iwe angani au Jette, si kazi. Kazi ni kesho yake.

Mimi nilikuwa na sababu ya kukataa. Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliulipia ung'ongo ukaja kwa posta. Hela za mashine nilitoa mimi, na mayai 24 nikayaagiza mimi, na sababu yangu nikaimeza, kwa kuwa kuitaja kulinitia aibu mbele ya kijana aliyekuwa akiniona mtu mwenye akili zake.

Banda halikuwepo. "Tutajenga wakiwa mayai," alisema, na siku 17 zinaonekana nyingi ukizitazama kutoka siku ya kwanza. Mayai yaliyosafiri kwa posta yanapaswa kupumzika siku nzima, ncha yake iliyochongoka ikitazama chini, ili hewa iliyotikiswa ndani yake itulie. Yetu yaliingia mashineni saa ile ile, yakiwa bado na baridi ya gari la posta. Katika 24, sita hayakuonyesha kitu yalipomulikwa kwa tochi. Saba nimekwisha kuyasimulia. Waliotoka wazima walikuwa 11, pamoja na yule wa kubanduliwa, ambaye kwa kweli aliishi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana lilimpa shemeji ushahidi.

Siku ile ile tulipoteza mmoja. Tuliwaweka kwenye sanduku la karatasi, juu yake taa ya joto, ndani kisahani cha kahawa chenye maji. Kina cha yale maji hakikufika ukucha wa kidole gumba changu. Mwanangu ndiye aliyemwona, amelala kifudifudi, uso majini, miguu imenyooka nyuma kama mwogeleaji. Kifaranga wa kware akisinzia anasinzia popote alipo, na akiinamisha kichwa kwenye maji hana nguvu ya kukiinua. Mtoto hakulia. Aliondoka, akarudi na mfuko wa gololi zake, akazipanga kwenye kisahani mpaka zikakijaza, akamimina maji katikati yake. Sasa walikunywa kwa kudonoa mianya. Hakuna aliyekufa maji tena, na ufundi wote wa kuwanywesha vifaranga hawa nimeupata kwa mtoto wa miaka tisa.

Mengine nayapitia mbio. Gazeti chini ya vifaranga linateleza, miguu ikapanuka pande mbili. Tuliweka taulo kuukuu, miguu ikarudi. Chakula tulinunua cha kuku wa mayai kwa sababu mfuko ulikuwa rahisi, na hilo ni kosa mara mbili: protini yake ni haba kwa kware mchanga, anayetaka kama asilimia 24, na chokaa yake ni nyingi kwa figo zake. Chakula cha vifaranga wa bata mzinga kinamfaa zaidi, kikisagwa laini. Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 35 hadi 37 chini ya taa, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki, lakini kipimajoto chako halisi ni wao. Wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia pembeni wanaungua, wakisambaa kama wali sahanini wako sawa.

Wiki ya tatu mtazame kifua. Dume ana kifua chekundu cha kutu, kimetulia, hakina doa. Jike ana kifua cha rangi ya mchanga kilichotapakaa madoadoa meusi. Ukiwa na shaka ngoja hadi wiki ya sita, umminye taratibu chini ya mkia. Dume hutoa povu jeupe, kama la sabuni. Shemeji aliwapanga mezani mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti. Madume sita, majike manne. Akahesabu tena, kama vile kuhesabu kungebadilisha kitu.

Banda lilipatikana katikati ya Aprili, na lilikuwa zuri. Alilijenga kwa mbao za paleti, mlango una bawaba, paa la bati lisilovuja. Kimo chake sentimita 60. Angeniuliza ningesema ni kimo kizuri, na ningekuwa nimekosea kama yeye. Kware akishtuka hakimbii wala hapigi mbawa kwenda pembeni. Anaruka wima, kama mshale, kwa nguvu zote, ndivyo mababu zake walivyowatoroka wawindaji nyasini. Kwenye banda la sentimita 30 hapati nafasi ya kuchukua kasi. Kwenye banda linalopita kimo cha mtu anafika juu kasi imekwisha. Sentimita 60 ni kimo cha kumuua.

Jette ina msitu wake, Laerbeek, na mbweha wa Brussels hawaishi msituni tu. Wanapita bustanini kama wapangaji. Usiku wa tatu mmoja alisimama mbele ya banda. Hakugusa wavu, alinusa tu. Nilisikia kishindo kimoja kikavu juu ya bati, kisha vingine mfululizo kama mawe ya mvua. Nilipofika na tochi mbweha alikuwa ameshapanda ukuta, na ndani ya banda jike mmoja alikuwa chini, kichwa kimepinda ubavuni, jicho wazi. Uzito wake mkononi ulikuwa kama wa simu. Asubuhi, mmoja katika wale watatu waliobaki alitaga yai lake la kwanza, la madoa ya kahawia, na wote tulilitazama bila kusema kitu.

Jirani wetu wa upande wa kulia ni mzee aliyefuga njiwa wa mashindano maisha yake yote, na kwa Ubelgiji njiwa ni jambo zito. Mwezi wa Novemba 2020 jike mmoja wa huku, New Kim, aliuzwa mnadani kwa yuro milioni 1.6. Mzee aliinamia ukuta, akatazama kishindo chetu kimefanya nini, akatuonyesha la kufanya: kushusha dari hadi sentimita 30, kutandaza kitambaa kinene chini ya bati, kuondoa wavu wa kuku, ambao panya anapenya na fouine, mnyama mwembamba wa jamaa ya nyegere, anaurarua, na kuweka wavu wa chuma uliochomelewa, matundu yake yasizidi sentimita moja na nusu. Na beseni la mchanga mkavu waoge vumbi. Nikamtajia New Kim. Akasema kila mtu anamjua njiwa yule, hakuna anayeuliza waliobaki waliishia sufuria gani.

Ningependa kusema kwamba hapo tulituliza akili. Shemeji alituliza banda, si akili. Majike watatu walikuwa wakitaga, madume sita wakipigana na kuwapanda mpaka manyoya ya kisogo yakaisha, na yeye alikuwa ameanza kupiga hesabu. Jumamosi alikwenda Matonge, kule Ixelles, kunyoa. Kinyozini Matonge hakuna siri wala haraka, na alirudi jioni na daftari.

"Watu kumi na mmoja, shemeji! Kumi na mmoja, na sijatangaza."

Nikamwambia anisomee, jina moja baada ya jingine, na kila mmoja anataka nini. Akasoma. Wa kwanza anataka mayai, lakini yawe na mbegu, ya kuangua. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu anataka vifaranga ishirini. Wa nne ameuliza mashine ni bei gani. Wa tano ya kuangua. Alipofika wa saba nilimwuliza, "Katika hawa, nani anataka kula?"

Akapekua ukurasa. Akapekua tena.

Ndipo nikamweleza la Kisumu. Mke wangu alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo, naye alikuwa hajalisikia, kwa miaka yote hii.

Nyanza hawakufundishwa kware na mtu. Waluo wamemtega tangu enzi, yule wa porini, wanamwita aluru. Mmoja anayejua kuita anawekwa kwenye kitundu juu ya mti mrefu, na sauti yake inawaleta wenzake kwenye mitego chini. Waluhya wanamwita isindu. Alikuwa mboga ya msimu, anachomwa au anakaangwa, basi. Hakuna aliyewahi kuchukua mkopo kwa ajili ya aluru.

Kisha akaja huyu wa Kijapani, na pamoja naye maneno. Yai lake linashusha shinikizo la damu, linaponya kisukari, pumu, na wapo waliothubutu kutaja UKIMWI. Hakuna hata moja lililothibitishwa. Yai la kware ni yai. Lina gramu kumi hadi kumi na mbili, matano yake ni la kuku moja, lina protini nzuri na lina kolesteroli kama ndugu zake. Lakini mwaka 2013 nchini Kenya yai hilo moja lilifika hadi shilingi 100, wakati la kuku lilikuwa shilingi kumi na kidogo. Kwa kuwa sheria ilimhesabu kware kuwa mnyamapori, mfugaji alitakiwa kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na watu wakapanga foleni ya vibali kama foleni ya unga. Piga hesabu mwenyewe kama tulivyopiga sisi. Majike 100, kila mmoja yai moja kwa siku, kila yai shilingi 100. Shilingi elfu kumi kwa siku, laki tatu kwa mwezi. Mwalimu angefundisha kwa nini?

Mimi nilichukua mkopo wa chama. Nilijenga matundu, nikanunua vifaranga kwa bei ambayo sitaitaja hata leo, nikalisha, nikangoja. Walipoanza kutaga ilikuwa Januari 2014. Wiki ile bei ilikuwa imeshaporomoka, na haikusimama kwenye ngazi yoyote tukapumua. Ilikwenda hadi shilingi kumi, ikaenda hadi tano, na mwisho hata kwa tano hapakuwa na mkono uliojitokeza. Kwa miezi nilidhani kuna mtu alituhujumu. Ilinichukua muda kuona jambo lililokuwa wazi kama jua la Kisumu: tangu mwanzo, karibu kila yai lililouzwa kwa shilingi 100 lilinunuliwa na mtu aliyetaka kuangua. Hakuna familia iliyokaanga mayai ya shilingi 100. Sisi wafugaji tuliuziana sisi kwa sisi, na fedha ya aliyeingia leo ilikuwa faida ya aliyeingia jana. Ndege wa wiki sita humgeuza mteja kuwa mshindani katika wiki sita. Kila aliyetaka kufuga alipokuwa ameshapata kware wake, siku hiyo hiyo wote tukawa wauzaji, na mnunuzi hakubaki.

Trei zilijaa chini ya kitanda. Tulikula mayai asubuhi, mchana na jioni, tukagawa, majirani wakaanza kutukwepa. Wapo waliofungua matundu wakawaacha waruke. Nilimpelekea mama yangu ishirini waliochinjwa, akamwinua mmoja kwa mguu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa wanaliwa na mifupa yao?" Niliondoka Kenya nikidaiwa na chama.

Waliosoma Biblia wanakumbuka kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Watu jangwani walililia nyama, kware wakaletwa na upepo wa baharini, wakakusanya mchana na usiku na siku ya pili, na nyama ikiwa bado katikati ya meno wakapigwa kwa tauni, mahali pale pakaitwa makaburi ya tamaa. Waislamu wanawataja pamoja na manna, manna na salwa, neema iliyoshushwa. Kware ni yule yule. Nimekaa na hadithi hizo mbili sana, na naona kosa halikuwa kula.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniuliza kwa nini sikumwambia tangu mwanzo, na ingekuwa haki yake. Aliuliza jambo jingine: "Na wenzako wa Kisumu, nao hawasemi?" Nikafikiri. Nimekutana na Wakenya wengi hapa Ubelgiji, harusini, misibani, na bado sijamsikia hata mmoja akisimulia kware zake mpaka mimi nianze. Nikianza, wawili watatu hucheka kicheko fulani kifupi, halafu wanataja idadi.

Daftari la Matonge lilifungwa. Kama lingefunguliwa lingekutana na ukuta mwingine hata hivyo. Kuuza chakula Ubelgiji kuna masharti, na msimamizi wake, AFSCA kwa Kifaransa na FAVV kwa Kiholanzi, si wa kuzoeana naye. Alizaliwa mwaka 2000 kutokana na hofu ya 1999, pale dioksini ilipoingia kwenye chakula cha mifugo, kuku na mayai yakaondolewa madukani, na serikali ya waziri mkuu Dehaene ikaangushwa uchaguzini mwezi Juni. Mafua ya ndege yanapokaribia, amri ya kufungia ndege inaweza kumfikia hata mwenye kuku wawili bustanini, kama ilivyokuwa Novemba 2021. Anayetaka kufuga aulize kwanza kwenye ofisi ya manispaa yake na asome matangazo ya msimu. Barua ya jirani mwingine tuliipata pia, imeandikwa kwa adabu sana. Dume wa kware hawiki kama jogoo, ila ana mlio wa kukwaruza wa silabi tatu, na madume sita alfajiri ya Mei, kukikucha saa kumi na moja, si muziki wa kumpa mtu mwenye zamu ya usiku.

Madume watano tuliwachinja Jumapili moja, watoto wakiwa sokoni Place Reine Astrid na mama yao. Mke wangu aliwapika kwa nazi na ndimu. Walikuwa watamu, na ndiyo, mifupa mingine inaliwa. Mzee wa njiwa alituletea majike wawili kutoka kwa rafiki yake, akakataa kulipwa, akakubali sahani.

Leo bandani kuna sita: majike watano na dume mmoja, na huo ndio uwiano unaowaacha na manyoya yao. Wakati wa kiangazi tunaokota mayai manne au matano kwa siku. Siku zinapofupika wanapunguza, mwisho wanaacha, nasi tunawaacha wapumzike. Jike wa Kijapani amesahau kuatamia, kwa hiyo bila mashine hawaongezeki, na hilo linanifaa sana. Shemeji anawalisha kabla ya kwenda kazini. Bado ana haraka. Wiki iliyopita alinionyesha video ya uyoga.

Mashine iko ghala la chini, ndani ya sanduku lake, na karatasi yake ya lugha nne. Inafanya kazi. Yeyote aliye Brussels na anayeitaka aje aichukue bure, ila aje na picha mbili: ya banda lililokwisha kujengwa, na ya watu watakaokula mayai wakiwa mezani.